SOKWE WANA UWANJA WA NDEGE, SISI TUNASUBIRI ZIWA LITULIE

Najua nimepotea. Majaribio ya katikati ya muhula yalikuwa yamenikaba koo, na bumu kama kawaida lilichelewa, kwa hiyo hata pesa ya kuweka bando ilikuwa mtihani mwingine. Sasa nimerudi, na nimerudi na hasira. Leo siandiki habari za hosteli wala za ugali wa mama lishe wetu pale getini. Leo naandika juu ya ndege na visiwa.

Ilianza hivi. Juzi usiku chumbani kwetu jamaa mmoja wa mwaka wa tatu, anasoma hesabu na fizikia, alikuwa anatuonyesha video kwenye kompyuta yake. Video ya uwanja wa ndege wa kisiwa kinaitwa Saba, kule Karibi. Kisiwa chenyewe ni mali ya Uholanzi, kijiwe tu cha volkano kimesimama baharini, watu wake hawazidi sana 2,000. Yaani wote ukiwaleta hapa chuoni, jioni ya mahafali hutawaona. Njia ya kurukia ina urefu wa mita 400 hivi. Mita mia nne jamani! Viwanja vinne vya mpira umevipanga mstari, halafu huku bahari na huku bahari. Ndege inakuja, sisi wote tumeshika vichwa, inagusa chini, inasimama. Tukapiga makofi kama tumefunga goli.

Nikasema, kwa utani tu, "Sasa hawa watu 2,000 wana ndege, sisi Ukerewe je?"

Chumba kizima kikacheka. Mmoja akasema, "Nyie Wakerewe mkipewa ndege si mtapakia dagaa?" Mwingine akaongeza, "Bwana, kisiwa cha mihogo ndege ya nini, pandeni meli." Nikacheka na mimi. Lakini nilipopanda kitandani usingizi haukuja. Kwa kweli hawa ni rafiki zangu, na hawakuwa na ubaya. Ndiyo maana imeniuma zaidi. Wanaamini kabisa kwamba ndege ni kitu cha watu fulani, na sisi watu wa visiwani si watu hao. Basi leo nawajibu, hoja kwa hoja, mbele ya wadau.

Kwanza, mnajua kisiwa gani katika ziwa letu kina uwanja wa ndege unaotumika? Rubondo. Kiko magharibi mwa Mwanza, ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Ukikaa jioni kwenye mawe ya ufukweni huku kwetu, mara moja moja unaona kindege kidogo cha injini moja kinakata angani kuelekea upande huo. Kina watalii. Wanatua kwenye njia ya kawaida isiyo na lami, wanapokelewa na gari la hifadhi, wanaenda kuangalia sokwe. Na hao sokwe si wenyeji. Waliletwa. Kati ya 1966 na 1969 Profesa Bernhard Grzimek na shirika lake la wanyama la Frankfurt walileta sokwe kutoka mabustani ya Ulaya, wakawaachia pale wajifunze upya maisha ya porini. Wakaletwa pia twiga na tembo. Watu waliokuwa wakiishi kisiwani wakahamishwa ili kisiwa kiwe cha wanyama.

Msinielewe vibaya. Sina ugomvi na sokwe. Sina ugomvi na hifadhi pia, inaleta fedha za kigeni na inaajiri vijana. Mimi nataka tukubaliane jambo moja tu la ukweli: kitaalamu INAWEZEKANA ndege kutua kwenye kisiwa cha Ziwa Victoria. Hakuna jini linalozuia. Haihitaji lami, haihitaji jengo la vioo, haihitaji ngazi za umeme. Ndege kama Cessna Caravan, ile ya injini moja inayobeba watu kumi na kitu, inatosheka na njia ya changarawe iliyoshindiliwa vizuri, kilometa moja na kidogo. Kama tumeweza kwa mgeni anayekuja siku tatu kupiga picha, mbona tunashindwa hata kulifikiria kwa wilaya ambayo sensa ya 2012 ilihesabu watu 345,147? Na hiyo ni sensa ya 2012, tumeongezeka tangu hapo. Laki tatu na nusu, wadau. Visiwa 38, vikubwa na vidogo. Hadi leo hakuna ndege ya abiria yenye ratiba inayotua kwetu.

Na msiseme ni kwa sababu visiwa vya Tanzania havina viwanja. Pemba ina uwanja. Mafia ina uwanja wenye lami, uliotengenezwa kwa fedha za Marekani kupitia ule mpango wa Changamoto za Milenia uliosainiwa 2008. Sensa ileile ya 2012 ilikuta Mafia ina watu 46,438. Gawanyeni wenyewe, nyie si watu wa hesabu? Ukerewe ni zaidi ya mara saba. Lakini Mafia kuna papa potwe na watalii wa kupiga mbizi. Kwetu kuna mihogo, mpunga, machungwa, sangara, na watu. Inaonekana watu si kivutio.

Sasa naingia kwenye jambo lenyewe. Nitalisimulia mara moja na sitalirudia.

Dada yangu mkubwa alishikwa na uchungu, mimba yake ya kwanza. Asubuhi, kama saa nne, wakasema mtoto amekaa vibaya, inatakiwa rufaa ya Mwanza. Sitataja kituo wala mtu, kwa sababu waliokuwepo pale walihangaika kwa uwezo wao wote na siwezi kuwalaumu. Meli ya asubuhi ilishaondoka. Ziwani kulikuwa na upepo, mawimbi meupe hadi upeo wa macho, na wenye mitumbwi ya injini walikataa. Walikuwa sahihi kukataa. Ikabaki barabara.

Kwa wasiojua ramani yetu: kutoka Nansio mpaka Mwanza, ukichora mstari juu ya maji, ni kama kilometa 45 hivi. Siku isiyo na ukungu usiku unaona mwanga wa mji. Lakini kwa barabara unaenda Rugezi, unasubiri kivuko, unavuka hadi Kisorya, halafu unazunguka mpaka Bunda, ndipo unaanza kurudi Mwanza. Zaidi ya kilometa 200. Tulifika Rugezi kivuko kiko ng'ambo. Tulisubiri. Mimi nilikuwa nimeshika mfuko wa khanga na chupa ya chai ambayo hakuna aliyekunywa. Mama mdogo alikuwa anamfuta dada jasho na kumwambia "tunakaribia, tunakaribia", na hata kuvuka tulikuwa hatujavuka.

Tuliingia Mwanza usiku. Dada yangu yuko hai, Mungu ni mwema, na leo ana mtoto mwingine wa kike mtundu kweli. Yule wa kwanza hakuwahi kulia.

Ndege ndogo kwa kilometa 45 ni dakika kumi na tano, weka ishirini. Ile siku ilikuwa mchana kweupe. Nimepiga hii hesabu mara nyingi kuliko hesabu yoyote niliyowahi kufundishwa.

Haya, sasa hoja zenu.

HOJA YA KWANZA: "Ndege ni ghali, mkulima wa mihogo hataweza nauli."

Kweli, hataweza. Hata mimi siwezi. Lakini niulize: daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, kilometa 3 juu ya maji, zaidi ya shilingi bilioni 700, kuna mtu aliuliza kama bibi wa Sengerema ataweza kulipa gharama ya daraja? Hakuna. Tulisema ni miundombinu ya taifa, tukashangilia, na mimi nilishangilia. Sasa kwa nini likija suala la kisiwa ghafla kila mtu anakuwa mhasibu?

Halafu tuangalie wenzetu. Marekani, nchi ya ubepari wa kutupwa, walipoachia mashirika ya ndege yajipangie njia na nauli mwaka 1978, waliona kabisa kwamba makampuni yatakimbia miji midogo. Kwa hiyo wakaweka mpango wa serikali kulipia sehemu ya gharama ili miji hiyo isikatwe. Mpango huo upo mpaka leo. Uingereza, kule kaskazini ya Scotland, kuna ndege ya ratiba kati ya visiwa vya Westray na Papa Westray, safari yake ni dakika mbili tu au pungufu, na wanaopanda ni walimu, wagonjwa na watu wa kawaida. Walimu, mmesikia? Kisiwa kingine cha huko, Barra, ndege inatua kwenye mchanga wa ufukwe, ratiba inafuata maji kupwa na kujaa. Hao si matajiri wa Dubai. Ni wavuvi na wafuga kondoo. Serikali yao iliamua tu kwamba mtu wa kisiwani naye ni raia.

Sidai kila Mkerewe apande ndege kwenda sokoni Kirumba. Nadai nafasi ya machela. Nadai serikali inunue viti vichache kwa wiki kwa ajili ya rufaa, damu, chanjo, sampuli za maabara, na vikibaki auziwe mfanyabiashara au mtalii kwa bei ya soko. Mfanyabiashara wa samaki ana hela, msimdharau.

HOJA YA PILI: "Ndege zinaanguka. Mmesahau Bukoba?"

Hatujasahau. Tarehe 6 Novemba 2022, Jumapili, ndege ya Precision Air ikitoka Dar iliingia ziwani ikiwa inakaribia kutua Bukoba. Watu 43 walikuwemo, 19 wakafa. Nilikuwa sekondari na nakumbuka tulivyokaa kimya mbele ya televisheni tukiangalia mkia wa ndege umetokeza kwenye maji na watu wakivuta kamba.

Lakini tujifunze vizuri kutoka pale. Ile ndege ilikuwa karibu kabisa na uwanja. Waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao, akiwemo yule kijana Majaliwa Jackson ambaye taifa zima lilimjua kwa siku moja, akapewa shilingi milioni moja na kazi katika jeshi la zimamoto na uokoaji. Mjini, kando ya ziwa, mchana, na wa kwanza kufika ni mvuvi mwenye kasia! Mimi somo ninaloliona pale ni kwamba uwanja wa ndege ulioko kando ya maji lazima uwe na boti la uokoaji lenye mafuta na wazamiaji wenye mitungi, siku zote, si siku ya ziara ya kiongozi. Wewe unaona somo la "basi tusiruke". Kwa mantiki yako tungeshaacha na meli pia.

Kwa sababu wadau, tukianza kuhesabu majeneza, hewa haiwezi kushindana na maji. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia Mwanza, imejaza kupita uwezo wake, na mamia kwa mamia ya watu wakaondoka. Nendeni Igoma mkaone makaburi. Wengine humu mnakaa Igoma na mnapita pale kila siku na daladala.

Na 20 Septemba 2018... hiyo ni ya kwetu. Nilikuwa kijana mdogo bado. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Bugolora. Kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kinarudi Ukara, uwezo wake abiria 101. Kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya, watu wa nchi kavu wanaona kwa macho yao. Waliokufa ni 228. Waliookolewa 41, akiwemo fundi wa injini aliyetolewa hai baada ya siku mbili ndani ya kile kivuko kilichogeuka. Usiku wa kwanza uokoaji ulisimamishwa kwa sababu ya giza. Shuleni kwetu wiki iliyofuata kulikuwa na madawati ambayo hakuna aliyetaka kuyakalia.

Sasa mtu ananiambia pandeni meli, ndege ni hatari. Kaka, sema kitu kingine.

HOJA YA TATU: "Kwanza meli nzuri, kwanza hospitali, ndege baadaye."

Hii ndiyo hoja yenye akili na nitaijibu kwa heshima. Ni kweli meli kwanza. Mtu wa kawaida, gunia lake la machungwa, tenga lake la dagaa, baiskeli yake, vyote vitaendelea kupita majini miaka yote. Baada ya msiba wa 2018 Ukara ilipata kivuko kipya kikubwa zaidi, na Bwisya ikajengewa kituo cha afya bora. MV Butiama ilikarabatiwa na ikarudi njia ya Nansio. Nayasema haya kwa sababu polemiki isiyokiri mazuri ni umbea tu.

Lakini neno "baadaye" ndilo linaloniudhi. Angalieni lilivyotumika. Mwaka 2017 Chato ilianza kujengewa uwanja wa ndege wenye njia ya kurukia ya kilometa 3. Sina ugomvi na watu wa Chato, ni jirani zetu wa ziwa. Nauliza tu, pale kuna aliyesema "kwanza hospitali"? Kilometa tatu za lami kwa mahali ambapo tayari kuna barabara ya lami pande zote. Changarawe ya kilometa moja na kidogo kwa mahali ambapo upepo ukivuma umekatwa na dunia, hiyo ndiyo anasa?

Na kila mwaka wa uchaguzi mnajua nini kinatokea visiwani? Helikopta zinatua. Zinatua kwenye uwanja wa mpira wa shule, magoli yanang'olewa, wanafunzi tunaambiwa tushike matawi. Vumbi, nyimbo, ahadi, nusu saa, wameruka. Mimi nimeshawahi kushika hilo tawi. Kumbe anga la Ukerewe linapitika vizuri tu pale anayesafiri anapotafuta kura!

HOJA YA NNE, hii hamkuisema kwa mdomo lakini ilikuwa kwenye kicheko: "Nyie ni washamba."

Haya. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianza huduma ya kila wiki kutoka London. Mnajua mwisho wa safari ulikuwa wapi? Si Johannesburg, si Nairobi. MWANZA. Mwaka uliofuata ndiyo njia ikaendelezwa hadi Cape Town. Yaani barua ya London ilikuwa inafika kwa ndege ufukweni kwetu miaka 95 iliyopita, wakati sehemu kubwa ya dunia haijawahi kusikia mlio wa injini angani. Mkoloni alijua umuhimu wa kuliruka hili ziwa kwa sababu ya barua zake. Sisi wenye nchi tunashindwa kuliruka kwa ajili ya mama mwenye uchungu.

Na kisiwa cha washamba hicho hicho ndicho alichoishi Mzee Aniceti Kitereza. Wa fasihi mnamjua. Aliandika hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, riwaya nzito kuliko vitabu vingi mnavyobeba kwenye mabegi. Ikasubiri hadi 1980 kuchapwa kwa Kiswahili. Mwandishi akafariki 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi. Kitabu kinahusu watu wawili wanaohangaika kupata mtoto. Kwetu vitu vyema huwa vinakuja, ila vinachelewa. Ukiishi kisiwani kuchelewa si usumbufu, kuchelewa kunaua.

Sasa nirudi Saba, kule tulikoanza. Usiku ule sikulala, nikachimba habari zake. Jamani, hawa watu walivyopata uwanja wao! Kwanza barabara. Wahandisi wa Uholanzi walisema kisiwa kile ni mwinuko mtupu, barabara haiwezekani. Mwenyeji mmoja, Josephus Lambert Hassell, akajisomea uhandisi kwa njia ya posta, akawaongoza wenzake wakaijenga kwa mikono. Halafu uwanja. Rubani mmoja jasiri, Rémy de Haenen, alisema sehemu moja tambarare pale kisiwani anaweza kutua. Wananchi wakaingia wakaondoa mawe kwa mikono yao, na mwaka 1959 akatua kweli, kisiwa kizima kikitazama. Miaka minne baadaye, 1963, uwanja rasmi ukafunguliwa. Njia fupi kuliko zote duniani kwa ndege za abiria za ratiba, mita 400, na unafanya kazi hadi leo.

Hapo sasa lazima niwachape na watu wangu. Wakerewe wenzangu, Wakara, Wajita, sisi nasi tuna makosa. Tumekaa tunasubiri. Tunajua kulalamika kwenye kibaraza cha duka, halafu mgombea akija tunaomba fulana na kofia. Ni lini tulikaa kikao cha kijiji tukasema, eneo hili tambarare tunalitenga, hakuna kulima, hakuna kujenga, hakuna kufunga ng'ombe, siku serikali ikija ikute pako wazi? Ardhi tambarare yenye upana kwetu ni chache na kila mwaka inajaa nyumba. Tukichelewa miaka kumi hata huyo rubani jasiri hatakuwa na pa kutua. Wasomi wa Ukerewe tuliojaa vyuo vyote nchi hii, tumewahi kuandika hata barua moja ya pamoja? Mimi sijawahi. Naanza na huu waraka.

Ninachotaka ni kidogo, na nakiandika kwa namba ili mtu asije akanisingizia kwamba natafuta uwanja wa kimataifa:

1. Eneo litengwe na lipimwe kisheria, na wenye mashamba walipwe fidia kabla, si baada.

2. Njia ya changarawe, imeshindiliwa, imezungushiwa uzio wa kuzuia ng'ombe na watoto, na kifuko cha upepo kwenye mlingoti. Basi. Jengo liwe banda lenye kivuli, benchi na choo.

3. Boti la uokoaji Nansio, lenye mafuta wakati wote, litumike kwa ajali ya ndege, ya meli na ya mtumbwi. Hili hata kesho, halihitaji kusubiri namba 1 na 2.

4. Mkataba wa wazi na kampuni yoyote yenye ndege ndogo: nafasi ya machela kwanza, abiria baadaye, na bei ibandikwe ukutani ili mtu asiuziwe kwa sura.

5. Na vivuko viendelee kuhesabu abiria kwa kuwaandika majina, sio kwa makadirio. Hili halina uhusiano na ndege lakini siwezi kuandika juu ya ziwa nikaliacha.

Mtaniambia usiku ndege ndogo haitatua kwenye changarawe isiyo na taa. Kweli. Mtaniambia kukiwa na radi na mvua kubwa rubani atakataa kama mwenye mtumbwi alivyokataa. Kweli pia. Sisemi ndege itaokoa wote. Nasema siku nyingi za mwaka kuna mchana, na mchana huo una watu wanaokufa wakiwa kwenye foleni ya kivuko.

Mwisho nawageukia nyinyi walimu watarajiwa. Tutamaliza, tutaomba ajira, na baadhi yenu mtapangiwa visiwani. Nimewasikia mnavyoongea: "Nikipangiwa Ukara sirudi kuripoti." Mnaogopa maji, mnaogopa kuugua mkiwa mbali, mnaogopa kupigiwa simu ya msiba mkashindwa kufika kuzika. Siwalaumu, ni hofu za kweli. Lakini kumbukeni hofu hizo ndizo maisha ya kila siku ya mtoto mtakayemfundisha. Mwalimu akiomba uhamisho anaondoka. Mwanafunzi anabaki, na somo lake linabaki bila mwalimu. Kwa hiyo siku nyingine nikitaja ndege ya Ukerewe, ukicheka jua unacheka na njia yako mwenyewe ya kwenda kazini.

Yule jamaa wa fizikia nimemsomea hii kabla ya kuiweka hapa. Amekaa kimya kidogo halafu akasema, "Sasa wewe, hii ya dada yako mbona hukuwahi kutuambia?" Nikamwambia mlikuwa mnacheka. Akanyanyuka akaenda kuninunulia chapati mbili na maharage, bila kusema neno. Nimezila zote.

Kesho saa mbili nina jaribio la saikolojia ya elimu na sijafungua daftari. Niombeeni.

Nawasilisha.